Jumapili vifaa viko chaji

Mtafiti wa muziki akishuka stendi ya Nanenane hapa Dodoma, wenyeji wanajua atakachouliza. Atataka kujua muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, unapigwa wapi siku hizi, nani bado anaimba msunyunho, uimbaji wa asili wa Wagogo, mzee gani amebaki na zeze. Atapelekwa Chamwino, Nzali au Mvumi, na Ijumaa na Jumamosi atarekodi mpaka jua lizame. Jumapili asubuhi vifaa vinawekwa chaji, kwa sababu wapiga ngoma wameenda kanisani. Mama yule yule aliyeibana ngoma magotini jana, leo amevaa sare ya kwaya na kushika Tenzi za Rohoni, na hakuna anayemrekodi.

Kuna wasomi wanaoona kwamba hapo ndipo kazi ilipaswa kuanza. Tangu 2011 wamekuwa wakikutana Cuddesdon, kijiji kilicho karibu na Oxford, kujadili uimbaji wa waumini wa kawaida duniani: wanaimba nini, nani anaanzisha, na wimbo uliotoka mbali unageukaje vinywani mwao. Kwetu si jambo geni. Gregory Barz alitoa kitabu kizima juu ya kwaya za Tanzania mwaka 2003, na Imani Sanga wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameandika mengi kuhusu muziki wa Injili. Lakini kazi hizo zimekaa zaidi Dar es Salaam. Dodoma, kwa wasomi, imebaki nchi ya ngoma.

Wanaotaka ibaki hivyo wana hoja, na si nyepesi. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika Mpwapwa mwaka 1876, na katika miaka mingi iliyofuata aliyebatizwa alitakiwa kuiacha ngoma nje ya mlango. Waliolipia zuio hilo ni watu wenye majina, ambao nyimbo zao zilikufa nao. Leo wazee wanaojua nyimbo za jando wanapungua kila mwaka, ilhali kwaya zinaongezeka na kila moja inachangisha kununua kinanda. Kwa hiyo wanauliza: kwa nini fedha chache za utafiti ziende kwa kile chenye nguvu, wakati kinachokufa kinaendelea kufa? Wengine wanakwenda mbali zaidi na kusema kwamba kuisoma kwaya ni kumpa mgeni kiti cha mwenye nyumba.

Hoja ya muda naikubali yote. Ninachokikataa ni wazo lililojificha chini yake, kwamba kinachoimbwa kanisani ni nakala ya Ulaya, na nakala haina cha kusomwa.

Chukua wimbo ambao kila mtu hapa anaujua, ule unaoanza "Mwamba wenye imara, kwako nitajificha". Mstari wake una silabi 7, na sauti yake ilitungwa kwa maneno ya Kiingereza, kwa hiyo uzito unaanguka kwenye silabi ya 1, ya 3, ya 5 na ya 7. Kiswahili chetu huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sasa imba polepole. "Mwa" na "we" zinapata haki yao, hapo hakuna ugomvi. Ukifika "imara", sauti inaipiga "i", inairuka "ma", kisha inaivuta "ra" kana kwamba ndiyo roho ya neno. Mstari wa pili ni hivyo hivyo: "fi" ya "nitajificha" inamezwa, na "cha" inakaa juu ya kiti cha enzi. Kwa zaidi ya vizazi viwili tumeimba lugha yetu kwa mkazo wa watu wengine, na hilo peke yake lingetosha kuwapa wanafunzi wa isimu na muziki kazi ya miaka.

Mwaka jana nilikuwa msibani katika kijiji kimoja upande wa Chamwino. Hapakuwa na kinanda wala spika. Turubai tu, na akina bibi wamekaa kwenye mikeka kando ya mbuyu. Mmoja akaanzisha wimbo huo. Alipofika "imara" hakuiruka "ma". Aliishika, akaipandisha kidogo, ndipo akaiachia "ra" idondoke yenyewe. Kabla haijaisha, wenzake walikuwa wameshaingia mstari wa pili, kundi moja likimfuata kwa chini umbali wa nota 4, ule ule unaosikika katika uimbaji wa Wagogo tangu zamani. Mwalimu wa kwaya, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliniinamia akanong'ona, "Kaka, hawa bibi zetu wanauharibu wimbo." Mimi nilisikia neno likirudishiwa mkazo wake na mtu ambaye hakuwahi kufundishwa nota hata moja.

Na kuna jambo la ndani zaidi. Uzi wa zeze ukiguswa, ndani ya sauti yake mna sauti nyingine ndogo zilizopandana juu yake. Gerhard Kubik wa Austria alionyesha kwamba mfumo wa sauti wa Wagogo umejengwa juu ya hizo, kuanzia ya 4 hadi ya 9, ukihesabu sauti kuu ya uzi kuwa ya 1. Ya 7 ndiyo yenye kesi: iko chini ya nota ya kinanda iliyo jirani yake kwa karibu theluthi ya nusu toni, yaani ya hatua kati ya vitufe viwili vya kinanda vilivyofuatana, na kinanda hakina pa kuiweka. Wanaopinga utafiti wa kwaya hutumia jambo hili kama ushahidi kwamba kanisa limeua sikio la Mgogo. Inawezekana. Lakini kaa kwenye mazoezi ya kwaya yoyote ya akina mama, utamsikia mwalimu akigonga "ti", nota ya saba ya do-re-mi, mara tatu, nne: "Mama zangu, mnashuka." Wanashuka kwa kukosa mazoezi, au wanatua pale ambapo zeze la baba zao lilizoesha masikio yao? Swali hilo linapimika. Halipimiki Jumamosi uwanjani, kwa sababu uwanjani hakuna kinanda cha kushindana nacho. Linapimika kanisani, ambako mifumo miwili inakutana ndani ya koo moja.

Fikiria pia njia ya kinyume. "Mfurahini, Haleluya", maneno ya Bernard Kyamanywa ya mwaka 1966 kwa sauti ya Kihaya, umo katika kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani kwa namba 116. Wajerumani wanauimba kila Pasaka, na sijasikia mtu akisema wamepoteza utamaduni wao. Tunaona ni kawaida wao kuufanya wimbo huo wa kwao. Kwa nini bibi wa Chamwino akifanya vivyo hivyo tumwite mwigaji?

Nina hofu moja na wasomi hawa wapya wa Cuddesdon. Neno "wa kwetu", kwa wimbo uliotoka mbali ukaimbwa hapa, wanaligawa kwa ukarimu mno, na ukarimu huo unaweza kufunika zuio la zamani. Anayekuja kurekodi kwaya na asiulize ngoma ilitolewaje nje ya mlango, ameandika nusu ya habari. Na akimaliza aache nakala kijijini, maana rekodi za ngoma nyingi zimeondoka hapa na hazijarudi.

Kanisa lenyewe limeshafungua njia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, uliagiza muziki wa asili wa watu upewe heshima na nafasi katika ibada, na Walutheri waliyasema ya jamaa yake walipokutana Nairobi mwaka 1996.

Bibi aliyeanzisha wimbo pale msibani amepita miaka 80. Yuko kwenye kwaya ya wazee, ibada ya kwanza, saa moja asubuhi.