Itifaki imezingatiwa, lakini wimbo wa bibi uko wapi?

Kila Jumanne jioni nampeleka binti yangu mazoezini. Tunaishi Joensuu, mashariki mwa Finland, na mwezi huu wa Novemba saa kumi jioni nje ni giza tii. Chumba cha mazoezi ni darasa la kawaida tu. Viatu vinaachwa mlangoni, watoto tisa wanakaa na soksi zao, na kila mmoja ana kantele yake ya nyuzi tano mapajani. Kwa asiyeijua, kantele ni kibao chepesi chenye uwazi ndani na nyuzi juu yake. Unazigusa kwa ncha za vidole, nazo hulia kama matone ya maji yanayodondokea ndani ya mtungi.

Jumanne iliyopita nilifika mapema kumchukua, nikakaa kwenye benchi la korido, mlango ukiwa wazi. Dakika ishirini nzima sikusikia wimbo. Nilichosikia ni mwalimu akikaza nyuzi, moja baada ya nyingine. Mtoto mmoja akalalamika kwamba uzi wake wa tatu unalia vibaya. Mwalimu akaenda, akainama, akasikiliza, akaukaza kidogo, akamuuliza mtoto kama sasa uko sawa. Mtoto akasema bado. Wakaendelea mpaka yule mtoto wa miaka minane aliporidhika. Halafu wakaimba mstari mmoja, huo huo mmoja, mara nyingi sana, kisha saa ikagonga na wote wakavaa makoti.

Hakukuwa na mtu anayekuja, na hilo ndilo lililonishika koo nikabaki nimekaa kwenye benchi hata binti yangu alipokuwa ameshasimama mbele yangu na kofia yake. Hakukuwa na sherehe wiki ijayo wala mgeni aliyetarajiwa. Wale watoto walikuwa wanaimba kwa sababu ni Jumanne.

Ninyi mliosoma shule za msingi kijijini mnajua naelekea wapi.

Nilikuwa darasa la tano, mkoa wa Dodoma. Tulitangaziwa kwamba mgeni rasmi atazindua mradi, na shule yetu itoe ngoma. Wiki tatu vipindi vya mchana vilifutwa. Wimbo uliochaguliwa ulikuwa wa kwetu hasa, wimbo wa wanawake wakiwa kwenye kazi ya kutwanga, nami nilikuwa naujua kwa sababu bibi yangu aliuimba. Lakini mwalimu wetu aliambiwa maneno yale hayana ujumbe. Yakatolewa. Kwenye ule mwendo mtamu wa bibi likawekwa jina la mgeni rasmi, kisha shukrani kwa mradi, kisha ombi la madawati. Siku ya siku tulisimama juani tangu saa mbili asubuhi, tumepakwa chokaa usoni. Mgeni alifika saa nane. Mshereheshaji akasema muda hautoshi, itifaki imezingatiwa, watoto waimbe ubeti mmoja. Tukaimba ule wenye jina lake. Watu wa meza kuu walipiga makofi, risala ikasomwa, tukarudi nyumbani.

Hadi leo, nikijaribu kuukumbuka ule wimbo, linalokuja kwanza ni jina la yule mgeni. Maneno ya bibi yamefunikwa, na bibi alishafariki.

Sasa niwaeleze habari ya kijiji kimoja cha huku. Najua mtaniambia kila nchi ina mambo yake, lakini nivumilieni. Kutoka hapa ninapoishi, ukielekea kusini kwa gari, hata saa mbili hazifiki unakuwa Rääkkylä. Ni kijiji cha maziwa na misitu, nyumba hapa na pale, na vijana wakimaliza shule wanaondoka, sawasawa na vijijini kwetu. Mwaka 1983 Sari Kaasinen, msichana ambaye hata miaka 20 alikuwa hajafikisha, na mdogo wake Mari, walianzisha kikundi cha kuimba na wenzao wa pale pale kijijini. Wasichana walikuwa wengi, wavulana wachache. Walikiita Värttinä, yaani kile kijiti cha kusokotea uzi, kifaa cha mikononi mwa bibi zao. Walivaa mavazi ya asili, wakashika kantele, wakaimba nyimbo za Karelia, lile eneo la mpakani ambalo sehemu yake kubwa lilichukuliwa na Urusi ya Kisovieti wakati wa Vita Kuu ya Pili, na watu zaidi ya 400,000 wakahamia upande huu.

Fikirieni mwaka huo. Vijana wa Finland walitaka magitaa ya umeme kama vijana wa kila mahali. Nyimbo za jadi zilihesabiwa kuwa za wazee na makumbusho. Na uimbaji wenyewe wa Kikarelia haubembelezi sikio. Ni sauti iliyo wazi, kali, ya kutoka kifuani, wasichana wamebanana bega kwa bega na kutema maneno kwa kasi kama wanawake waliogombana kisimani wakapatana papo hapo. Mara ya kwanza nilipousikia nilisimama katikati ya jikoni na mwiko mkononi. Nilidhani nasikia wanawake wa Kigogo, wa kwetu Dodoma. Lugha sikuielewa hata neno, lakini ile namna ya sauti kutoogopa kuwa sauti niliitambua.

Miaka minne ilipita kabla hawajatoa rekodi ya kwanza, 1987. Ya pili ilitoka 1989. Halafu kikundi kikapungua kama vikundi vyote vya vijana: huyu kaenda kusoma, yule kaolewa, mwingine kapata kazi mjini. Waliobaki wakajipanga upya Helsinki, ambako chuo cha muziki cha Sibelius kilikuwa kimefungua idara ya muziki wa jadi mwaka ule ule wa 1983 kijiji kilipoanza kuimba. Mwaka 1991 wakatoa Oi Dai. Nchi iliyokuwa inaziona zile kuwa nyimbo za bibi ikazinunua, na kuanzia hapo wakatembea dunia. Mwaka 2006 muziki wa Värttinä ulikuwa jukwaani Toronto, kwenye tamthilia kubwa waliyoitungia muziki pamoja na A. R. Rahman wa India.

Lakini umaarufu wao si hoja yangu. Hoja yangu ni ile miaka minne kati ya 1983 na 1987, ambayo hakuna anayeisimulia kwa kuwa ni miaka ya mazoezi ya watoto kijijini. Mtu mzima alifungua mlango wa chumba. Mtu mzima aliwasha moto chumba kikapata joto, maana huku bila moto vidole havishiki uzi. Mzazi aliendesha gari kwenye theluji. Na lililo kubwa zaidi, hakuna aliyewaambia wasichana wale kwamba maneno ya bibi hayana ujumbe. Waliyachukua yalivyo, na lahaja yake, na habari zake za mabinti wanaowakataa wachumba.

Hapa sasa nawasikia. "Umekwenda Ulaya juzi, leo unatufundisha ngoma." Ndugu zangu, siwafundishi ngoma. Mtoto wa Kigogo wa miaka mitano anajua kugawa mapigo kwa namna ambayo wenzake wa binti yangu watahangaika nayo mpaka ukubwani. Naliona kila Jumanne. Nawaona wakihesabu kwa midomo, moja, mbili, tatu, nne, na mwanangu ambaye hajawahi kukaa Dodoma zaidi ya likizo anapiga kisigino chini katikati ya hesabu yao bila kujua kwamba anafanya hivyo. Najivunia mpaka machozi yananilenga. Kipaji hatujawahi kukikosa. Hukwe Zawose alitoka kwetu, na zeze lake na ilimba, kile kinanda cha kupigwa kwa vidole gumba, Mwalimu Nyerere akamwita Dar es Salaam, na dunia ikamsikia kupitia Real World, kampuni ya rekodi ya Uingereza. Mwaka 2006 kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyotoa rekodi ya Värttinä iitwayo Miero. Mgogo na wasichana wa Rääkkylä, rafu moja ya rekodi. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba nawaona wazungu wametuzidi.

Mwingine anasema: "Wao wana pesa." Wanazo, sikatai. Halmashauri huku inachangia mafunzo ya muziki, mzazi analipa sehemu, na mimi nayelea wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, kwa zamu za usiku, naimudu ile sehemu. Lakini hesabu ya pesa hainiridhishi. Kantele ya nyuzi tano ni mbao na nyuzi. Ilimba ni mbao na vyuma vilivyopondwa. Fundi wa ilimba yupo, mti upo, mtoto yupo, bibi yupo. Kinachokosekana si kitu cha kununuliwa dukani.

"Mwalimu ana watoto 90 darasani, atafundisha ngoma saa ngapi?" Hili linaniuma, kwa sababu dada yangu ni mwalimu na namwona anavyochoka. Lakini nijibuni basi: zile wiki tatu za kumwandalia mgeni rasmi zilipatikana wapi? Muda ulikuwepo. Ulipatikana mara tu alipotajwa mkubwa. Akishaondoka muda unayeyuka, na ngoma inafungiwa stoo pamoja na mafagio mpaka mgeni mwingine. Najua UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo na sanaa ya shule za msingi, ina ngoma na kwaya, najua zipo shule ambazo mwalimu mmoja mwenye moyo amefanya maajabu. Nawapigia saluti. Ila hata huko mtoto anafundishwa ili ashinde au ili apokee mgeni. Anaimba akitazama meza kuu. Nataka kujua lini anaimba akimtazama mwenzake.

Na hasira yangu inaongezeka ninapokumbuka kwamba hili si jambo geni kwetu. Mwaka 1975 Tanzania ilianza kujenga Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, na wazo lilitoka huku huku Skandinavia, kwa majirani zetu Waswidi. Mtu mzima wa kijijini apate mahali pa kujifunza, karibu na kwake. Vipo zaidi ya 50. Tunafundisha humo ushonaji, useremala, ufundi magari, na ni vyema. Je, mwanamke mmoja anayejua nyimbo 200 za kutwanga, kuomboleza na kulea akikaribishwa humo mara moja kwa wiki na watoto wa jirani, mtaala utavunjika?

Mtu wa mwisho ndiye anayenichokoza zaidi, kwa sababu ni wa ukoo wangu. Anasema: "Basi na wewe umwache mtoto acheze muziki wa Wafini, ndiyo umeamua." Hapana. Kuna Mtanzania mwenzetu, Arnold Chiwalala, mcheza ngoma na mwalimu, aliyehamia Finland akaikuta kantele. Hakuiacha ngoma yake mlangoni pamoja na viatu. Aliiunganisha na kantele, akaunda mtindo wake anaouita Chizentele, akaufanyia udaktari hapo hapo chuo cha Sibelius. Kwa hiyo njia ipo, ameshapita mtu. Mtoto wangu hajatoka kwao kwa kushika uzi.

Jumanne ile tulipofika nyumbani nilifanya jambo ambalo nimeliahirisha miaka mingi. Nilimpigia shangazi yangu, dada yake baba, ambaye sasa ndiye mkubwa wetu. Nikamwamkia, nikauliza mvua, nikauliza mguu wake. Kisha nikamwomba wimbo wa kutwanga wa bibi. Akanyamaza. Akauliza nautaka kwa ajili ya harusi au msiba. Nikamwambia ni wa kuimba tu. Akacheka, akasema simu itamaliza salio, atarekodi.

Ujumbe uliingia kesho yake nikiwa zamu. Sekunde 50. Jogoo anawika nyuma, mtoto wa mtu analia, na shangazi anaimba mistari miwili, sauti imechakaa lakini haiogopi. Mistari miwili ndiyo aliyonayo. Anasema wa tatu alikuwa nao mama Chamwino, ambaye naye amekwenda.

Binti yangu aliusikiliza mara sita sakafuni, sikio kwenye simu. Halafu akaanza kulegeza nyuzi za kantele yake. Nikamzuia, nikamwambia mwalimu amezikaza vizuri, usiziharibu. Akanijibu kwa ile sauti yake ya kuwa na haraka kwamba haziko sawa na bibi, huu wa tatu uko juu mno. Akaulegeza, akausikiliza, akaulegeza tena. Ilichukua karibu saa nzima. Tulirekodi tukatuma.

Jibu limefika leo asubuhi. Shangazi anasema amewaita majirani wasikilize, na kwamba mtoto ana sikio. Anasema pia kwamba mwishoni amekosea, sauti pale inashuka, haipandi, nimwambie arudie.