Ndege Ilishapita

Wandugu, shingo inaniuma. Sikubeba saki ya makala ya kupikia, sikulala vibaya, nimeumia kwa kutazama shoo ya ndege, na hiyo shoo ilikuwa ndani ya telefone, na telefone ilikuwa imelazwa mezani kati ya sahani ya makayabu, samaki wa chumvi, na chupa za bia ya Simba, sababu chaja ya shemeji inashika tu ukiilaza, ukiiinua kidogo inakata, na umeme wenyewe ule wa jenereta ya jirani, tusiuongelee. Basi watu wazima tukainama kuzunguka kioo kile, vipara vinagongana, kama watu waliodondosha pete ndani ya kisima. Mtu anainama ili aangalie mbingu!

Shemeji, mdogo wa madamu wangu, karudi kutoka Afrika Kusini. Mnawajua wanaorudi kule. Kapita mpaka wa Kasumbalesa na mabegi, na miwani ya jua ambayo mpaka leo hajaivua, hata usiku, hata ndani ya nyumba, anagonga viti anasema viti vimesogezwa. Alienda kutafuta piesi za magari, kumbukeni hiyo habari ya piesi, lakini upande wa Pretoria akasikia kuna maonyesho ya ndege za jeshi, wanafanya kila baada ya miaka miwili, akalipa akaingia, akasimama juani siku nzima, na sasa Jumapili anaita ukoo mzima tuje tuone. Mimi nilivaa koti. Nilisema mtu akikuitia mambo ya anga huendi na singileti.

Video inaanza. Mwanzo ni parkingi. Parkingi, wandugu. Magari ya watu yamepangwa kwenye majani na shemeji anatusomea bei ya kila moja. Halafu foleni ya choo. Halafu foleni ya soseji. Halafu mbingu. Mbingu ya bluu, safi, tupu, hiyohiyo iliyoko juu ya Katuba, hapa Lubumbashi, mwezi wa saba bila kiingilio. Ndani ya telefone sauti ya shemeji inalia, "Ile! Ile kule! Mama yangu, ile!" na sisi tunatafuta.

"Iko wapi?" baba mkwe anauliza.

"Ilisha kupita, papa."

"Ilipita saa ngapi?"

"Sasa hivi. Ngojeni, sauti inakuja."

Na kweli sauti ikaja, spika ya telefone ikakoroma kidogo, ikazimia. Tukangoja tena. Mbingu. Halafu kikaingia kidole. Kidole gumba cha shemeji, upande wa kulia wa kamera, kikapenda pale kikakaa. "Hapa alipindua tumbo juu," shemeji anaeleza. Tunaona kidole. "Hapa zinapita sita pamoja, na moshi." Kidole. "Hapa watu walilia." Kucha. Mimi ile kucha naijua sasa kuliko mke wake anavyoijua, kuna weusi pembeni, nyundo ilimpata. Baba mkwe, mtu wa heshima, mstaafu wa mgodi, akatoa miwani mfukoni, akaifuta, akaivaa, akainama zaidi mpaka nikasikia mgongo wake unalia, akauliza kwa upole kabisa:

"Hii nyeusi njo ndege?"

Madamu akakimbilia jikoni akicheka. Mimi nikatumia nafasi. "Shemeji, na alternateri yangu?" Maana nilimpa pesa ya alternateri, ile piesi ya gari inayochaji betri, mkononi, mbele ya dada yake. "Angalia kwanza," anasema, "hapa njo patamu." Nikaangalia patamu. Ilishapita.

Basi nikasema wazi, nikiwa na koti langu: hizi shoo zimepoa. Shemeji akashusha miwani. "Weye ulienda wapi ukaona?" Sikuenda popote. Lakini usiku umeme ukirudi saa nane, wengine wanajaza maji na kupiga pasi, mimi naangalia video za ndege, za zamani na za sasa, na macho yangu si ya kukodi.

Zamani watu walikuwa wanafanya mambo. Agosti 1955 kule Seattle, Tex Johnston, rubani wa Boeing, alichukua lile dege la majaribio lililokuja kuzaa 707, injini nne, watu wamejaa ziwani kuangalia mashindano ya mashua, akalibingirisha zima, tumbo juu mgongo chini, na alipoona halikukatika akarudi akalibingirisha tena, bosi yake yuko chini anaangalia na wateja. Kesho yake akaitwa ofisini, sishangai. Mwaka uleule Roland Falk akafanya mchezo huohuo na Vulcan, dege la kubeba mabomu, kwenye maonyesho ya Farnborough, Uingereza. Mwaka 1989 Le Bourget, pembeni ya Paris, Mrusi Viktor Pugachev akainua pua ya Su-27, ndege ya vita, mpaka ikaegemea nyuma, ndege inaenda mbele kwa tumbo, kisha akaishusha akaendelea na safari zake. Na kwenye maonyesho hayohayo MiG-29 ya mwenzake Anatoly Kvochur ilikula ndege, ndege wa manyoya nasema, injini ikafa, akaruka na kiti chini kabisa karibu na ardhi, akapona. Hapo ukienda nyumbani una la kusema.

Leo wanakuletea Airbus ambayo kompyuta yake, ikiwa katika hali yake ya kawaida, haikubali kulala upande zaidi ya nyuzi 67, rubani avute anavyotaka. Inapita, inageuka kwa adabu, inarudi, inashukuru. Na zile za vita zenye makelele wanaziweka mbali. Marekani jeti kali lazima ikae futi 1,500 kutoka kwa watu, karibu mita 450. Sasa piga hesabu na mimi. Sauti inatembea mita 340 hivi kwa sekunde. Ndege ikiwa kwenye kilometa 900 kwa saa inatembea mita 250 kwa sekunde. Ile sauti ikikufikia, mwenyewe kashatangulia mita 300 na zaidi. Unageuka ulikosikia, hayupo. Njo maana shemeji ana saa nzima ya mbingu, alikuwa anafuata sauti na telefone yake kutoka kushoto kwenda kulia siku nzima! Nikamwonyesha hiyo hesabu kwenye karatasi. Akasema kule Pretoria watu hawafanyi hesabu, wanafurahi.

Najua sababu iko, msinirukie. Farnborough 1952 ndege ilikatika hewani, injini zikaangukia umati, watazamaji 29 wakafa pamoja na wawili waliokuwa ndani. Ramstein, Ujerumani, 1988, timu ya Waitaliano ikagongana yenyewe juu ya watu, wakafa 70. Lviv, Ukraine, 2002, 77. Shoreham, Uingereza, 2015, watu 11, nao walikuwa nje ya uwanja, upande wa barabara, hawakuwa na tiketi ya kitu. Baada ya hapo Uingereza ikazibana jeti za zamani zilizotoka jeshini, juu ya nchi kavu zipite tu moja kwa moja, hakuna kubinuka. Mwaka 2018 hata Red Arrows, timu ya michezo ya jeshi la anga la Uingereza, walikataa kucheza mchezo wao mzima Farnborough kwa sababu ya manyumba yaliyojengwa kuzunguka, wakapita wakaenda. Na 2022 Farnborough ikabaki ya wafanyabiashara peke yao, karavati na kadi, wikendi ya watu wa kawaida ikafutwa. Mimi ni baba ya watoto, sitaki kitu kiniangukie, hilo liandikwe. Lakini basi wawe wakweli kwenye tiketi: utaona kitu kidogo, mbali, kimeshapita.

Na sisi tena tunatafuta nini Pretoria? Mashirika ya ndege ya Kongo yote yako kwenye orodha nyeusi ya Ulaya tangu 2006. Panda ya kwenda Kalemie au Kinshasa, kaa dirishani. Mkitua watu wanapiga makofi, mama mmoja anaanzisha wimbo wa sifa, rubani mwenyewe ukimwona anashuka kwenye ngazi unataka umshike mkono umuulize ilikuwaje. Uko ndani ya shoo, na biskuti wanakupa.

Kumbe baba mkwe alikuwa bado ananyamazia jambo. Alivua miwani, akasema yeye ndege aliisikia, siyo hizi. Alikuwa mtoto Kamalondo, mji bado unaitwa Élisabethville, Septemba 1961. Katanga ya Tshombe, iliyojitenga na Kongo, ilikuwa na jeti ya Fouga Magister moja tu inayoruka, inatoka Kolwezi, inakuja kupiga askari wa ONU, Umoja wa Mataifa, na ONU hawakuwa na ndege ya kuikimbiza, mpaka wakaleta jeti za Sweden, za Ethiopia, za India. Moja tu! Mji mzima unaangalia juu.

"Papa, uliionaje?" shemeji kauliza, kashika telefone tayari kumrekodi, kidole kiko pale pale.

"Kuona? Nani alikuwa anaona? Tulikuwa chini ya kitanda na mbuzi. Mbuzi njo alitangulia."

Mimi, na elimu yangu ya saa nane usiku, nikamwambia: papa, hiyo aina ya ndege, Fouga, kuanzia 1964 mpaka 1980 Wafaransa walichezea nayo kwenye Patrouille de France yao, wanamwaga moshi wa rangi, familia ziko chini na watoto mabegani. Baba mkwe akafikiri.

"Walilipa?"

"Kwingine walilipa, papa."

"Kuangalia Fouga?"

"Ndiyo."

"Nipe makayabu," akasema, na hakuongea tena mpaka jioni.

Jirani wa jenereta, aliyekuja kudai mafuta akakaa, akasema hata Shaba, ndilo jina la Katanga wakati wa Mobutu, ilikuwa na shoo yake, Wajerumani wa kampuni ya OTRAG na roketi zao kule upande wa Luvua, Juni 1978, Mobutu amekuja mwenyewe kushuhudia, roketi ikapanda kidogo, ikapinda, ikaangukia bondeni. Tulicheka sana. Nafikiri siku ile hakuna aliyecheka.

Na hapo, wandugu, njo mambo yalipoharibika, sababu shemeji alisimama. Mtu akisimama na miwani ya jua usiku ujue kuna komite inakuja. Kasema, na sisi tufanye yetu! Shoo ya ndege, hapa hapa L'shi, pale uwanja wa ndege wa Luano, watu watoke Likasi, watoke Kolwezi, watoke hata Ndola. Nikauliza, ndege gani? "Ndege itapatikana." Kwanza komite. Prezida, yeye. Makamu wa kwanza, mjomba aliyekuwa amelala kwenye kiti, alipewa cheo usingizini. Makamu wa pili. Trezorye, mshika pesa. Trezorye msaidizi wa kumchunga trezorye. Mtu wa protokole. Mtu wa sono, yaani vyombo vya sauti, maana bila sono hakuna shoo, na hapo tulikaa muda mrefu kuliko kwenye kitu kingine chochote, tuweke baffle, zile spika kubwa, ngapi na upande gani, mpaka nikasema jamani ndege ina sauti yake, wakaniangalia kwa huruma. Fulana, rangi gani. Viti vya plastiki, vya mbele vya wakubwa, na hema, kwa hiyo wakubwa watakaa chini ya hema kuangalia ndege. Chini ya hema! Nikasema hawataona. Mtu wa protokole akajibu kwamba wakubwa hawaji kuona.

Mimi walinipa parkingi.

Halafu mchango. Kila mmoja aliahidi, kwa mdomo, na kila ahadi trezorye aliandika kwenye kikaratasi cha hesabu yangu ya mita 450, upande wa nyuma. Walipofika kwangu shemeji akasema, bila hata kumeza mate, "Huyu alisha kutoa." Nilitoa lini? "Ile ya alternateri, shemeji. Ilinisaidia kiingilio, na chakula, na basi ya kurudi. Bila weye hii video haingekuwapo." Watu wakanipigia makofi, wandugu. Madamu pia. Nikasimama na koti langu nikawapungia mkono, ningefanya nini?

Kwa hiyo gari bado inasukumwa. Kila asubuhi, mimi na karavati kwenye usukani, watoto wa jirani nyuma, tunatoka kwenye lupango tunateremka barabara mpaka ishike. Zamani walikuwa wanasukuma kwa peremende. Sasa sijui nani aliwafundisha, au walikuwa dirishani Jumapili, lakini leo nimekuta wamejipanga kando ya gari hawagusi, katoto kamoja kamesimama mbele na daftari, kananiambia kwa heshima zote, papa, bei imepanda, na ukitaka isukumwe mpaka kwenye lami lazima kwanza uongee na prezida, na prezida bado amelala.