Zamani Ukipigwa, Unalala

Mimi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Elimu yangu si ya kutisha mtu, lakini mieleka ya kwenye runinga naijua. Nimeanza kuiangalia kwenye kibanda umiza kule Igoma, mikanda ya video imechakaa hadi mvua inanyesha ndani ya runinga, watu tumebanana kwenye benchi utadhani tumeshindiliwa kwenye kiroba. Leo kijana wangu wa kidato cha tatu, ambaye kaptula yake ya kwanza nilimnunulia mimi, ananiambia: "Baba, ile mieleka yenu ilikuwa imepoa."

Imepoa!

Hebu tuelewane. Zamani mtu akipigwa, analala. The Undertaker alikuwa anakubeba kichwa chini miguu juu, anakushindilia kama mchi kwenye kinu, anakukunjia mikono kifuani kama marehemu, refa anahesabu mpaka tatu, watu tunarudi nyumbani. Hulk Hogan yeye alikuwa na paja. Anaruka, anakushushia paja shingoni, biashara imekwisha. Paja tu, na dunia nzima ikamjua! Mwaka 1987 alimnyanyua André the Giant, jitu la zaidi ya kilo 200, akalibwaga chini, na mpaka leo wazee tunasimulia kama vile tulikuwa tumekaa mstari wa mbele. Kubwaga mtu mara moja. Siku hizi wanabwagana mara kumi hata tangazo la kwanza halijaingia.

Mtu anapigwa teke la kidevu, anaamka. Anarukiwa kutoka juu ya kamba, anaamka. Anapinduliwa hewani, anatua kwa kichwa, mimi nimeshashika mdomo nasema Yesu wangu, refa anapiga moja, anapiga mbili, jamaa anainua bega, maana yake hajashindwa! Na watu wanashangilia. Sasa nauliza, huyu atamalizwa na nini, sumu ya panya? Kijana ananijibu ndiyo raha yenyewe hiyo. Mimi ukinipiga teke la kidevu, nitafute Bugando, wiki mbili nahesabu feni za wodini.

Halafu kumbe mapambano yanapewa nyota. Mwisho ulikuwa tano, lakini Januari 2017 kule Tokyo, Kazuchika Okada na Kenny Omega wakapambana dakika 46, mwandishi mmoja wa Marekani akawapa sita. Sita! Hoteli ya kulala mawaziri inaishia tano, wewe unapewa sita kwa kumkaba mwenzio? Dakika 46 mimi nimeshapima magunia, nimegombana na mteja na tumeshapatana. Basi, nikaliangalia lote kwenye simu ya kijana, usiku, wenye nyumba wamelala. Lilikuwa tamu. Sijamwambia, na wewe usimwambie.

Kwenye visa, yaani hadithi za ulingoni, hapo ndipo tunapozozana hadi mama watoto anatoka nje. Roman Reigns alichukua mkanda wa ubingwa Agosti 2020. Mwaka huohuo likaanza kujengwa daraja la Kigongo–Busisi. Kila nikivuka na kivuko kwenda Sengerema kukusanya madeni, naona nguzo zimeongezeka majini. Nikirudi nauliza, Reigns vipi? Bado anao. Nikivuka tena, nguzo zimefika katikati. Reigns? Bado. Kila akizidiwa, binamu zake wanaingia ulingoni wanamshambulia mpinzani wake kama nyuki. Siku 1,316! Cody Rhodes akaja kumvua Aprili 2024, wakandarasi nao wakatukabidhi daraja Juni 2025. Walipishana mwaka na ushee tu.

Ila kisa chenyewe nakikubali, nisiseme uongo. Mkubwa wa ukoo anakaa kitini, wadogo ndio wanapigwa, na mwisho wa siku wanatakiwa kumheshimu kwa sauti. Mimi nina kaka wa hivyo Magu. Hana mkanda, ana shamba la marehemu baba.

Zamani nako walitulaghai, sikatai. Kulikuwa na Kamala, Jitu la Uganda. Amepakwa rangi usoni na tumboni, mkuki mkononi, hasemi neno. Sisi pale kibandani tukamfanya jirani, si ziwa ni moja? Tukawa tunampigia makofi kama mtu wa ng'ambo tu hapo. Mvuvi mmoja aliyewahi kufika Kalangala, Uganda, akaapa kwamba shangazi yake Kamala anauza sangara kisiwani, na yeye alishakopeshwa. Undertaker alipomfungia kwenye jeneza, pambano la Novemba 1992, tulitoka kibandani kimya, msiba umetufika. Juzi kijana ananisomea kwenye simu: James Harris, mzaliwa wa Mississippi, Marekani. Nikamtafuta yule mvuvi. Akasema labda shangazi alihama.

"Si ndiyo maana nakwambia ni maigizo, Baba," kijana anasema. Maigizo? Kufika Aprili 2014 Undertaker alikuwa ameshinda mara 21 kwenye WrestleMania, lile tamasha lao kubwa la kila mwaka, bila kupoteza hata moja. Mimi na kinyozi wangu tukawekeana: Brock Lesnar akishinda, natoa debe la dagaa. Nilicheka wakati naahidi. Refa alipopiga ya tatu, ule uwanja wa New Orleans ulinyamaza, na kile kinyozi kikanyamaza pia, kwa heshima, kama sekunde mbili hivi. Kisha kikaniuliza dagaa ni wa leo au wa jana. Mieleka ya maigizo, sawa. Mbona dagaa wangu walikuwa wa kweli?

Babu yangu wa Kisesa hakuwahi kusumbuka na swali hilo. Alikuwa mtu wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma pale Bujora, ambapo Bagika na Bagalu, vikundi viwili hasimu vya ngoma, wanacheza siku moja wakishindana nani avute watu wengi. Huyu anatoa chatu, yule anatoa fisi. Nilipokuwa mdogo nikamuuliza, babu, huyu chatu si amefugwa? Akanitazama sana. "Amefugwa. Sogea karibu basi."

Sasa jana. Kijana yuko likizo, nimemchukua anisaidie Mwaloni. Nimebeba gunia, na mdomo unaendelea kumweleza jinsi watu wa sasa wasivyojua kulala wakipigwa, nikakanyaga maji ya samaki. Nilikwenda chali, gunia likanifuata kifuani. Kishindo kilisikika, nadhani, hadi kwa mama ntilie. Mgongo ukaniambia tulia hapo hapo. Wapagazi wakajaa. Mmoja, mtoto wa juzi, akapiga magoti, akaanza kupiga kiganja kwenye sakafu: "Moja!" Watu wakaitikia. "Mbili!"

Sijui nini kilinipata. Niliinua bega.

Mwalo mzima ukalipuka. Wachuuzi wanapiga masufuria, mama mmoja anarusha kanga. Mimi nimelala pale na magamba masikioni, bega moja juu, naona aibu, na mkono mwingine, sijui nani aliuagiza, unawapungia. Nikamtazama kijana wangu, kwamba angalau yeye anihurumie.

Akatikisa kichwa taratibu. "Nyota mbili na nusu, Baba. Umetua vibaya."