Shemeji na Njia Panda

Tangu juzi nashuka ngazi kinyumenyume kama kaa. Lengelenge la kisigino nalo limepasukia ndani ya soksi asubuhi hii, soksi ikagandia humo humo. Chanzo ni shemeji. Shemeji hakataliwi, na wangu amesoma vitabu vitatu vya falsafa, idadi mbaya kuliko zote: angesoma kimoja angesahau, angesoma kumi angenyamaza.

Akasema twende mlimani tukakutane na uwepo. Mimi nikabeba hema, maji na sufuria. Yeye akabeba uwepo.

Kwenye mwinuko wa kwanza hema likanifanya niheme. Akaniletea habari za Sisyphus, yule wa kusukuma jiwe juu ya mlima milele, likifika linaporomoka. Eti Camus, mwanafalsafa wa Kifaransa, mwaka 1942 aliandika kwamba ni lazima tumwone jamaa yule ana furaha. Nikauliza, jiwe lile Camus alilisukuma lini? Kimya.

Basi tukafika njia panda. Kulia kichaka, kushoto kichaka, wingu zito linashuka, na ramani imo kwenye simu yake.

"Shemeji, tushike ipi?" Nimeuliza kwa adabu zote.

Akavua kofia. Akaketi! Akasema kuna kijana wakati wa vita alimwendea Sartre, mwanafalsafa mwingine wa Kifaransa: abaki na mama yake au aende kupigana? Sartre akamwambia yuko huru, achague. "Sasa shemeji, ukiniuliza mimi, unaukimbia uhuru wako."

Tone la kwanza likanidondokea puani.

"Ninachokimbia ni mvua, shemeji."

"Hata kutochagua ni kuchagua."

"Vizuri. Nimechagua wewe utazame ramani."

"Hapo umenigeuza chombo."

Jamani! Nilikuwa nimejiapiza kutunza heshima ya ukoo, lakini sauti iliyonitoka pale ilirusha ndege wa vichaka vyote viwili. Ndipo akaitoa simu. Imezima. Chaji ameimaliza tangu alfajiri akijirekodi tafakari zake juu ya upweke, mimi niko hatua mbili nyuma yake na sufuria inanigonga mgongoni.

Tukashika kushoto. Ilikuwa kulia.

Wakati wa kushuka akanipa na habari za Nietzsche, mwanafalsafa wa Kijerumani: mwaka 1881, akitembea kando ya ziwa Silvaplana kule Uswisi, alisimama penye jiwe kubwa, likamjia wazo kwamba maisha haya haya yatajirudia vilevile, bila mwisho. Pamoja na goti hili?

Halafu mfuko wa hema aliushona nani? Hema lilikuja limetulia humo ndani. Kulirudisha, nimelikunja, nimelikalia, nimelibembeleza, pembe moja bado inachungulia nje. Na vigingi vilikuwa 12, nahesabu 11. Nimempigia shemeji kumuuliza. Anasema kigingi kipo, ila kwa namna ya kutokuwepo.

Nimekitafuta mpaka ndani ya sufuria.