Mwacheni mtoto agombee udiwani

Dada yangu alinipigia simu kutoka Wete, Pemba, Ijumaa moja usiku. Hakuuliza baridi wala watoto. Alisema: "Zungumza na mwanao, wewe anakusikia. Anataka kuingia siasa." Mwanangu anayemsema ni binti yake, mpwa wangu, aliyesomea sheria chuo kikuu, Tunguu, na sasa ni wakili wa miaka michache. Alitaka kugombea udiwani wa wadi yake.

Nilizungumza naye, na nilimwambia maneno ambayo leo nayajutia. Nilimwambia digrii ya sheria hakuisomea ili akashughulike na mitaro na majaa. Afungue ofisi mjini Unguja, kuna mahoteli na mikataba ya ardhi, amsaidie mama yake. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Nimekusikia, mjomba." Kwetu mtoto akikujibu hivyo, jua hajakubali, adabu tu imemfunga mdomo.

Sikuyasema yale kwa kudharau udiwani. Niliyasema kwa hofu. Januari 2001 damu ilimwagika Pemba kwa sababu ya siasa, na mimi ni mmoja wa waliovuka kwa ngalawa kwenda Shimoni, Kenya. Watu kiasi cha 2,000 tulikimbia kipindi kile. Dada yangu alibaki, na mtoto mchanga mgongoni. Kwa hiyo mama wa Kipemba akisikia mwanawe anataka siasa, hafikirii kiti wala posho, anafikiria siku zile. Muafaka, yaani makubaliano ya vyama, ulikuja baadaye, na kura ya maoni ya Julai 2010 ikatuletea Serikali ya Umoja wa Kitaifa, lakini hofu ya mama haifutwi kwa kura ya maoni. Wanaowacheka wazee wetu kuwa ni waoga hawajui wanachokisema.

Kilichonibadilisha ni ukuta wa chumba cha wanangu, hapa Leicester, Uingereza.

Ukuta ulikuwa ukiota ukungu mweusi toka kwenye kona ya dirisha, mwanangu mdogo anakohoa usiku kucha. Mwenye nyumba kila nikimwambia ananijibu nifungue madirisha. Jirani yangu, mama wa Kisomali, akaniambia niende maktaba Jumamosi, diwani anakaa pale. Nilikwenda bila matumaini. Mlangoni pamebandikwa karatasi: jina la diwani, siku, saa. Ndani kuna meza ya kusomea, viti vitatu, na msichana mmoja mwenye daftari, ndiye diwani. Baadaye nikajua kuwa Jumatatu mpaka Ijumaa ni wakili, kesi zake ni za wapangaji. Udiwani anaufanya jioni na Jumamosi, kwa posho tu, maana madiwani huku hawana mshahara. Muhula wake ni miaka minne, watu wakimkataa anarudi kwenye mafaili yake.

Aliniuliza jina, akaliandika. Akaomba kuona picha za ukuta kwenye simu yangu, akazitazama moja moja, akaniuliza mtoto ana umri gani na ameanza kukohoa lini. Hakuniahidi kitu. Alisema ataandikia idara ya nyumba ya halmashauri na atanipa jibu hata likiwa baya. Wiki ya tatu walikuja wakaguzi wawili na kipimo cha unyevu.

Nikiwa nimekaa kwenye kiti kile, nikamkumbuka mpwa wangu barazani kwa bibi yake. Maana kazi hii naijua, nimeshaiona Wete. Safari yangu ya mwisho nyumbani nilikuwa nakaa naye pale baada ya sala ya alasiri, na watu wanakuja. Siku moja alikuja bibi mmoja na bahasha ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko umefungwa kwenye pindo la kanga. Ndani yake mna karatasi ya eka tatu, zile walizopewa watu baada ya Mapinduzi ya 1964. Marehemu mumewe ndiye aliyeandikwa, na shemeji anataka mikarafuu. Mpwa wangu aliisoma karatasi ile kwa sauti mara mbili, polepole, bibi akiifuata kwa kidole ijapokuwa hajui kusoma. Akamwambia asitie dole gumba popote, na Jumatatu wafuatane Mahkama ya Ardhi. Hakumdai hata shilingi.

Lakini wengi waliokuja pale hawakuwa na shida ya mahkama. Mtaro umeziba na maji yanaingia ndani. Taka hazijazolewa. Taa ya njia ya skuli imekufa. Mambo hayo wakili hana pa kuyapeleka. Yanakwenda Baraza la Mji, na anayekaa ndani ya Baraza akanyanyua mkono ni diwani. Mpwa wangu alilijua hilo kabla yangu. Ndiyo sababu ya yeye kutaka kugombea, wala hakuwa na haja ya kufundishwa na mtu wa Uingereza.

Tatizo letu ni kwamba siasa tunaitazama kutoka juu. Uchaguzi ukifika, mazungumzo yote ni nani Rais, nani Mwakilishi, nani anakwenda Dodoma. Karatasi ya diwani inapigwa kura kwa mazoea. Vijana wanasheria nao wakiwaza siasa wanawaza Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi, na sisi ndio tunaowatia hamu hiyo. Tunawatajia Othman Masoud Othman, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu na kisha, Machi 2021, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Ni mfano wa heshima, lakini ni njia ya mtu mmoja kwa kizazi. Wadi ziko nyingi, na kila moja inahitaji mtu anayejua kuisoma sheria. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 2014 imeyapa mabaraza kazi na mamlaka. Asiyeisoma atajuaje la kudai? Tena sheha wetu, mkuu wa shehia, anateuliwa. Diwani ndiye mtu wa karibu kabisa na mlango wako ambaye wewe mwenyewe umemchagua, na ndiye tunayemjali kidogo kuliko wote.

Simaanishi kwamba huku ndiko kwenye ustaarabu na kwetu hakuna. Nakataa maneno hayo. Uchaguzi wa halmashauri hapa, aghalabu kiasi cha theluthi tu ya wapiga kura ndio wanaojitokeza, na katika mtaa wangu si wengi wanaomjua diwani wao kwa jina. Kwetu watu wanapanga foleni kabla ya alfajiri, bibi zetu wanaletwa kwa mikono. Hamu ile Waingereza hawana. Jambo ninalolitamani kutoka huku ni dogo: meza, siku inayojulikana, daftari, na jibu. Chumba cha skuli Jumamosi jioni kinatosha. Na ni haki niseme pia kuwa huku mtu anaweza kugombea bila chama, kwetu sheria hairuhusu. Kijana lazima apite kwenye chama, na huko ndiko wengi wanakovunjika moyo kabla jina halijafika kwa wapiga kura.

Sisi tuliopo nje tuna deni hapa. Tunachangia misikiti, visima, madawati, na tunafanya vizuri. Lakini kijana wetu akisema anataka kutumikia mtaa wake, tunampigia simu ya saa nzima kumkataza, na nauli ya kuondoka tunamtafutia. Mimi kura yangu nyumbani imekwisha. Nilipochukua uraia wa Uingereza, wa Tanzania ulikatika, kwa sababu sheria ya uraia ya 1995 haimruhusu mtu mzima kushika wa nchi mbili. Nilichobakiwa nacho ni neno langu kwa watu wa nyumbani, na hilo nililitumia vibaya.

Jumapili nilimpigia mpwa wangu. Nikamtaka radhi, nikamhadithia ya maktaba na ukuta. Nikamwambia mama yake niachie mimi, nitazungumza naye, na nitazungumza naye tena. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali moja tu: yule diwani huwaandika watu kwenye kompyuta au kwenye daftari?

Kwenye daftari, nikamwambia, la mistari, kama la skuli.

"Hilo ninalo, mjomba," akasema. "Limeshafika nusu."