Dakika Tano za Sindano, Siku Nzima ya Basi

Mgonjwa wa saratani ya matiti ya aina ya HER2 (yenye protini ya HER2 kupita kiasi) anayepewa dawa ya trastuzumab kwa dripu hukaa kitini dakika 90 siku ya kwanza, kisha kama dakika 30 kila baada ya wiki tatu, mpaka mwaka utimie. Tangu 2013 Ulaya imeruhusu dawa hiyohiyo kwa sindano ya chini ya ngozi ya paja: miligramu 600, mililita 5, dakika mbili hadi tano. Ndani yake mna kimeng'enya cha hyaluronidesi, kinacholegeza tishu kwa muda ili ujazo mkubwa namna hiyo upate njia. Katika utafiti wa PrefHer wanawake walipewa njia zote mbili kwa zamu, na karibu tisa kati ya kumi walichagua sindano.

Sishangai. Aliyewahi kumwona muuguzi akipapasa mkono wa mgonjwa, akiupigapiga kutafuta mshipa uliochoshwa na kemo, hahitaji kuonyeshwa takwimu.

Ila dakika zile zimeokolewa wapi? Kitini. Anayetoka Mtwara kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, bado atapanda basi kila wiki tatu, atatafuta pa kulala, na ndugu wa kumsindikiza ataacha shughuli zake. Tena miezi ya kwanza trastuzumab huambatana na kemo, mara nyingi paclitaxel, ambayo ni ya dripu. Mshipa utatafutwa vilevile.

Anayefaidi kwanza ni hospitali. Kiti kinaachwa mapema, foleni inasogea, na mfamasia hapigi hesabu ya uzito wala hachanganyi kitu, maana dozi ni moja kwa wote. Na hapa ndipo hoja ya sindano inapopata nguvu kwetu: dawa isiyohitaji kuchanganywa inaweza kutolewa hospitali ya mkoa ya Ligula, kulekule Mtwara. Inaweza tu. Itahitaji jokofu la nyuzi 2 hadi 8 lisilozimika umeme ukikatika, muuguzi anayejua kukabili mzio mkali, na kipimo cha moyo kila miezi mitatu, kwa kuwa dawa hii huweza kudhoofisha moyo. Dripu ikileta balaa unaifunga. Sindano ikishaingia imeingia.

Kisha bei. Dozi ya kawaida ya dripu ni miligramu 6 kwa kila kilo, kwa hiyo mama wa kilo 55 anahitaji 330, na kinachobaki kwenye chupa kubwa kikihifadhiwa vizuri huweza kumfaa mwingine. Sindano humpa 600 hata akiwa mwembamba. Dripu pia ndiyo yenye ushindani: Desemba 2019 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha trastuzumab ya kwanza isiyo ya mtengenezaji wa awali, nayo ni ya mshipani. Kenya, makubaliano ya mwaka 2025 kati ya serikali na Roche, mtengenezaji wa awali, yalishusha dozi ya Herceptin (jina la kibiashara la trastuzumab yake) kutoka takriban shilingi 120,000 hadi 40,000, zikilipwa na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya huko. Hata kwa bei hiyo ya chini, mzunguko wa mwaka mzima ni kama dozi 18. Nina shaka na kampuni zinazotoa umbo jipya la dawa pale tu hataza ya umbo la zamani inapokaribia kuisha, ingawa shaka yangu haiondoi nafuu anayoipata mgonjwa.

Bortezomib, ya saratani ya uboho iitwayo myeloma, imenipendeza zaidi. Utafiti wa 2011 wa wagonjwa 222 uliihamisha kutoka mshipani kwenda chini ya ngozi: matokeo ya tiba hayakupungua, na waliopata ganzi na kuchomachoma vidoleni walishuka kutoka asilimia 53 hadi 38. Chupa ni ileile. Kilichobadilika ni kiasi cha maji ya chumvi ya kuchanganyia. Hakuna aliyeuziwa kitu kipya.

Kupunguza idadi ya dozi nako kuna mipaka yake. Pembrolizumab, dawa nyingine ya saratani, iliruhusiwa Marekani mwaka 2020 kila wiki sita badala ya tatu, kwa kuongeza dozi maradufu, na hiyo ni nusu ya safari. Lakini paclitaxel iliwahi kutufundisha kinyume: katika utafiti mkubwa uliochapishwa 2008, wanawake wa saratani ya matiti walioipata kila wiki waliishi zaidi kuliko wa kila wiki tatu, japo ganzi iliwasumbua zaidi. Daktari anayemwita mgonjwa kila Jumanne huenda anamtendea haki.

Ningekuwa kwenye kamati ya dawa, bortezomib ya chini ya ngozi ningeipitisha asubuhi hiyohiyo. Trastuzumab ya sindano ningeikubali iwapo mkataba ungetaja hospitali za mikoa zitakazoitoa, na jokofu, na mafunzo. Kama mama wa Mtwara ataendelea kuifuata Dar es Salaam, heri fedha hizo zinunue dripu kwa wale ambao hawajaipata kabisa.