Ukitaka kuielewa Brazil anza na ardhi

Huku kwetu ukitaja Brazil mtu atakutajia Pelé, Ronaldo, Neymar, makombe 5 ya dunia, basi stori imeisha. Mpira wao naupenda sana tu, ila inaniuma kuona nchi ambayo tuna damu nayo tunaijua kwa jezi peke yake. Brazil ni nchi ya 5 kwa ukubwa duniani, kilomita za mraba kama milioni 8.5, yaani inapakana na nchi zote za Amerika Kusini isipokuwa Chile na Ecuador, na kwenye sensa ya 2022 walikuwa watu milioni 203 ambao zaidi ya nusu yao walijitambulisha kuwa weusi au machotara. Zaidi ya nusu jamani! Hata korosho inayolisha familia za Mtwara na Lindi asili yake ni kaskazini-mashariki ya Brazil, ililetwa na Wareno.

Na Wareno haohao ndo waliofungua biashara ya kuvusha watu kwenda kule. Karibu Waafrika milioni 5 walishushwa Brazil, hakuna nchi nyingine ya Amerika iliyopokea watumwa wengi hivyo. Wengi walitoka Angola, Kongo na Afrika Magharibi, lakini karne ya 19 wakabebwa wengi pia kutoka Msumbiji, hapa jirani tu. Gati la Valongo pale Rio de Janeiro walikoshushwa wengi wao lilikuwa limefukiwa chini ya mji, likafukuliwa 2011 kwenye ujenzi wa bandari, na tangu 2017 limo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Sasa hapa ndo naomba mnisikilize vizuri, maana mtu akikueleza umaskini wa Brazil ataanza na madawa ya kulevya na magenge ya favela, ile mitaa ya vibanda vya maskini, mimi nasema anza na 1850. Mwezi Septemba mwaka huo walipitisha sheria mbili, moja ya kuzuia kuingiza watumwa wapya, nyingine ya ardhi, iliyosema ardhi ya serikali haipatikani tena ila kwa kununua. Fikiria mtumwa angenunua na nini? Halafu 13 Mei 1888 ndo utumwa ukafutwa, Brazil ikiwa ya mwisho kabisa Amerika nzima, na watu wakaachiwa hivihivi, hakuna shamba, hakuna fidia, hakuna shule, na wakati huohuo São Paulo walikuwa wanawalipia nauli Wazungu kutoka Italia waje kufanya kazi kwenye mashamba ya kahawa. Mtu mweusi aliyelima hiyo kahawa maisha yake yote akaishia kupanda mlimani kujijengea kibanda. Hiyo sio bahati mbaya, ni maamuzi yaliyoandikwa kwenye karatasi yakasainiwa.

Ukishalijua hilo utaliona kila mahali. Chukua Brasília, mji ambao sisi wa Dodoma tungetakiwa kuusoma kuliko watu wote. Rais Juscelino Kubitschek aliamua makao makuu yatoke Rio yaende katikati ya nchi, Lúcio Costa akachora mji, Oscar Niemeyer akachora majengo, na 21 Aprili 1960 mji ukazinduliwa baada ya ujenzi wa miaka kama 4 tu. Kazi kubwa, mimi naikubali. Lakini waliobeba zege, vijana kutoka kaskazini-mashariki kwenye ukame, hawakuwekewa nafasi ndani ya ramani ile nzuri, wakajenga vibanda pembeni, na 1971 maelfu wakahamishiwa Ceilândia, mbali na katikati. Mji umejengwa upya kabisa, kwenye ardhi tupu, na bado maskini kakosa kiwanja!

Au kilimo. Mwaka 1973 walianzisha Embrapa, taasisi ya utafiti wa kilimo, na watafiti wakaenda kwenye nyika ya Cerrado ambayo udongo wake una asidi nyingi, watu waliona haifai kitu. Wakamwaga chokaa, wakazalisha mbegu za soya zinazovumilia joto, wakaboresha malisho kwa majani ambayo asili yake ni Afrika yetu hii, na leo Brazil inaongoza dunia kuuza nje soya, kahawa, sukari na nyama ya ng'ombe. Sayansi ile naiheshimu na natamani serikali zetu ziwape watafiti wetu pesa ya namna ile. Ila mashamba yenyewe ni makubwa mno na ya wachache, na nyika na msitu vinaendelea kufyekwa. Chico Mendes aliyekuwa anagema mpira kwenye msitu wa Amazon, jimbo la Acre, na kupinga ufyekaji aliuawa kwa risasi Desemba 1988, na aliyefanya hivyo ni mfugaji na mwanae.

Wapo wanaosema mbona Brazil ina matibabu ya bure kwa wote chini ya katiba ya 1988, mbona ina Bolsa Família inayopa familia maskini hela mradi watoto waende shule, mbona tangu 2012 vyuo vikuu vya serikali kuu vinatenga nafasi kwa waliosoma shule za umma, wakiwemo weusi na wenyeji wa asili. Ni kweli na ni mambo mazuri, hiyo ya vyuo hasa naiunga mkono kwa nguvu zote. Lakini hela ya mwezi haiwi shamba.

Katiba hiyohiyo ya 1988 iliahidi hati za ardhi kwa jamii za quilombo, yaani vizazi vya watumwa waliotoroka wakaanzisha vijiji vyao, kama Palmares, ambayo kiongozi wake Zumbi aliuawa 20 Novemba 1695. Siku hiyo sasa ni sikukuu ya taifa zima. Sensa ya 2022 ikawahesabu watu wa quilombo kwa mara ya kwanza, wakawa milioni 1.3, na wengi sana kati yao bado wanaishi kwenye ardhi isiyo na hati. Sikukuu wamepewa, hesabu imefanyika, sasa wapewe hizo hati.